Mwenye injini amebadilisha masharti: haki ya mtengenezaji wa gemu inaishia wapi?

Swali kutoka kwa Mtunzi_wa_Ngano

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Sisi ni kikundi kidogo kinachotengeneza gemu ya hadithi na mafumbo kwa kutumia injini ya kibiashara, yaani programu ya kujengea na kuendeshea gemu inayomilikiwa na kampuni. Tuliichagua kwa sababu ilikuwa bure kwa wanaoanza, mafunzo yake yalipatikana kwa wingi, na ilituwezesha kutoa gemu moja kwa simu na kwa kompyuta bila kuandika msimbo mara mbili. Mmoja wetu anaandika msimbo, mwingine anachora, nami naandika hadithi na mazungumzo ya wahusika. Kazi imefika mahali ambapo mchezaji anaweza kuanza mwanzo na kufika mwisho, ingawa bado kuna mengi ya kunyoosha.

Hivi karibuni kampuni inayomiliki injini hiyo ilitutumia barua pepe ikieleza kwamba masharti ya matumizi yamebadilika, na kwamba yeyote atakayeendelea kutumia programu baada ya tarehe iliyotajwa atahesabiwa kuwa ameyakubali. Tumeyasoma yote. Kuna kifungu kipya cha ada inayotegemea mapato, kuna kifungu kinachoiruhusu kampuni kukusanya taarifa za matumizi kutoka kwenye gemu zilizokwisha kutolewa, na kuna sentensi moja inayosema kwamba kampuni inaweza kubadilisha masharti wakati wowote kwa kuyachapisha kwenye tovuti yake. Sentensi hiyo ya mwisho imetutia hofu kuliko ada yenyewe. Ada tunaweza kuipigia hesabu, lakini hatuna namna ya kupigia hesabu jambo ambalo upande mmoja umejipa ruhusa ya kuliamua peke yake siku za usoni.

Tumegawanyika. Mwandishi wetu wa msimbo anataka tuhamie mara moja kwenye injini ya chanzo huria, yaani ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, hata ikibidi kuandika upya sehemu kubwa ya kazi. Mchoraji anataka tumalize kwanza kilicho mkononi, kwa hoja kwamba gemu isiyokamilika haina haki yoyote ya kutetea. Mimi nimebaki katikati, kwa sababu chini ya maoni yote mawili kuna swali ambalo hakuna aliyelijibu: haki yetu juu ya gemu hii inaishia wapi, na ya mwenye injini inaanzia wapi? Kila mhusika, kila mstari wa mazungumzo na kila picha imetoka kwetu. Inaniuma kufikiri kwamba mtu ambaye hajaandika hata neno moja la hadithi hii anaweza kuamua kama itawafikia wachezaji au haitawafikia.

Naomba majibu ya wale waliowahi kusoma mikataba ya aina hii kwa makini, na ya wale waliowahi kuhamisha gemu kutoka injini moja hadi nyingine. Naomba pia mnieleze, mtengenezaji mdogo asiye na wakili ajenge imani yake kwa zana juu ya msingi gani?

Jibu kutoka kwa Karani_wa_Mikataba

Ndugu Mtunzi, umeuliza mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya, na kampuni nazo hazina haraka ya kuyatenganisha.

La kwanza ni hakimiliki. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi sana duniani zimejiunga nao, kazi ya ubunifu hulindwa bila sharti la kusajiliwa popote. Msimbo mlioandika, michoro, muziki, hadithi na mazungumzo ni mali yenu, hata kama vyote vimepitia ndani ya injini ya mtu mwingine. Kisicholindwa ni wazo tupu na kanuni za uchezaji: mtu anaweza kutengeneza gemu ya mafumbo inayochezwa kama yenu, ilimradi hajanakili msimbo, michoro wala maandishi yenu.

La pili ni leseni, na hapa ndipo hofu yako ina msingi. Gemu iliyokamilika hubeba ndani yake sehemu ya injini inayoiendesha, na sehemu hiyo ni mali ya kampuni. Unapoiuza, unasambaza kazi yako pamoja na kazi yao, na ruhusa ya kusambaza ya kwao haitoki kwingine ila kwenye leseni. Mnafanana na mtu aliyejenga nyumba juu ya kiwanja cha kupanga: matofali, milango na paa ni vyake, wala hakuna anayebisha, lakini mkataba wa kiwanja ukivunjika hana namna ya kuiinua nyumba nzima akaondoka nayo.

Mfano ulio wazi ni wa Unity, kampuni yenye injini ya gemu ya jina hilohilo. Tarehe 12 Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza ada iliyoitwa Runtime Fee, ambayo ingeanza kutozwa tarehe 1 Januari 2024 kila gemu inaposakinishwa. Kwa waliotumia leseni ya Personal, ile ya bure, ada ingekuwa dola 0.20 kwa kila usakinishaji baada ya gemu kuingiza dola 200,000 ndani ya miezi 12 na kusakinishwa mara 200,000 tangu itoke. Chukua gemu inayotolewa bure ambayo, kwa wastani, inaingiza dola 0.15 kwa kila anayeipakua, uone jinsi kila mchezaji mpya baada ya kuvuka kiwango hicho angekuwa hasara kwa aliyeitengeneza. Kilichowaumiza zaidi wasanidi, yaani watengenezaji wa gemu, ni kwamba ada ingezigusa hata gemu zilizokuwa tayari sokoni, zilizotengenezwa na watu waliopiga hesabu zao chini ya masharti mengine kabisa, na kwamba idadi ya usakinishaji ingetokana na makadirio ya kampuni yenyewe. Mwenye kudai angekuwa ndiye mwenye kuhesabu.

Wasanidi walipinga kwa sauti kubwa, na tarehe 22 Septemba kampuni ililegeza: wa Personal wakasamehewa, ada ikahusishwa tu na matoleo ya injini ambayo yangetoka kuanzia 2024, na msanidi akapewa hiari ya kulipa asilimia 2.5 ya mapato endapo kiasi hicho ni kidogo zaidi, kwa takwimu anazoziripoti mwenyewe. Mkurugenzi mkuu, John Riccitiello, aliondoka mwezi uliofuata. Tarehe 12 Septemba 2024 ada hiyo ilifutwa kwa watengenezaji wa gemu, na bei za leseni za kulipia, Pro na Enterprise, zikapandishwa.

Wengi husimulia kisa hiki wakaishia hapo, kana kwamba kelele zilitosha. Mimi naona funzo kubwa liko nyuma zaidi. Mwaka 2019, baada ya mvutano wake na kampuni ya Improbable, Unity iliandika kwenye masharti yake kwamba mabadiliko yakimwathiri msanidi vibaya, anaweza kuendelea na toleo la injini alilonalo chini ya masharti ya awali. Ikafungua pia hifadhi ya wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo na kumbukumbu za mabadiliko yake, ili kila badiliko lionekane na kila mtu. Tangazo la Septemba 2023 lilipotoka, hifadhi ile ilikuwa imekwisha kuondolewa na kifungu kile hakikuwamo tena kwenye masharti mapya. Ahadi ilikuwa imetolewa kwa maandishi na ikafutwa kwa maandishi, na aliyekuwa na nakala ya zamani ndiye aliyekuwa na cha kuonyesha.

Kwa hiyo, kabla hamjabishana kuhusu kuhama, yatafuteni masharti yaliyokuwapo siku mlipopakua toleo mnalotumia, muyahifadhi pamoja na tarehe na namba ya toleo. Yasomeni mkitafuta kama yanawaruhusu kubaki na toleo hilo bila kukubali mapya. Tazameni pia kampuni inaweza kusitisha leseni kwa sababu zipi, na ikisitisha, gemu iliyokwisha kutoka inaruhusiwa kuendelea kuuzwa au inapaswa kuondolewa. Watu husoma kifungu cha ada mara kumi na hiki cha mwisho hawakigusi, ilhali ndicho kinachoamua kama mna biashara au hamna. Msisasishe injini mpaka mpate majibu hayo.

Jibu kutoka kwa Fundi_wa_Msimbo

Nakubaliana na Karani kuhusu kuhifadhi masharti. Nataka kuongeza upande wa kazi yenyewe, kwa kuwa nimewahi kuhamisha gemu nikiwa sehemu ya timu, na naona mwenzenu anayetaka kuhama mara moja ana nia njema lakini huenda hajaupima mzigo.

Picha, sauti na maandishi huhama kwa urahisi kama mmetunza faili asilia katika miundo inayofunguka popote. Msimbo unaohusu kanuni za gemu, yaani jinsi fumbo linavyotatuliwa, mhusika anakumbuka nini au mazungumzo yanachagua njia ipi, unaweza kuandikwa upya bila maumivu makubwa, mradi uliandikwa ukiwa peke yake. Kinachomaliza nguvu ni kila kitu mlichokijenga ndani ya dirisha la injini kwa kubofya na kuburuta: mpangilio wa mandhari, mwendo wa wahusika, mwanga, vitufe vya skrini, namna faili za mchezaji zinavyohifadhiwa. Hivyo havina msimbo wa kunakili, na mara nyingi hujengwa upya kimoja kimoja huku mkilinganisha na gemu ya zamani.

Kwa injini za chanzo huria, Godot ndiyo wengi huitaja. Imekuwa ya chanzo huria tangu 2014 chini ya leseni ya MIT, ambayo haidai mrabaha na inamruhusu yeyote kuchukua msimbo wote wa injini, kuubadilisha na kuusambaza, ilimradi aambatanishe tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni. Hata waanzilishi wake wakibadili mawazo kesho, toleo ulilonalo leo linabaki lako kulitumia, na huo ni ulinzi ambao barua pepe haiwezi kuufuta. Baada ya tangazo la Unity la 2023, studio ya Re-Logic, inayojulikana kwa Terraria, ilitoa dola 100,000 kwa Godot na kiasi kama hicho kwa FNA, mradi mwingine wa chanzo huria wa kutengenezea gemu, ikaahidi na mchango wa dola 1,000 kila mwezi kwa kila mradi. Mega Crit nao, waliokuwa wametumia muda mrefu kwenye Unity, waliutengeneza mchezo wao wa Slay the Spire 2 kwa Godot. Kuhama kunawezekana, na wamehama watu waliokuwa na mengi ya kupoteza.

Lakini chanzo huria nacho kina mambo yake, na ni haki myajue kabla ya kuhama. Godot 4.0 ilipotoka Machi 2023, gemu nyingi zilizoandikwa kwa toleo la 3 zilihitaji kufanyiwa marekebisho makubwa. Mkitaka kufika kwenye konsoli, yaani mashine maalumu za kuchezea gemu, mradi wa Godot wenyewe hauwezi kuwapa msimbo wa kuziwezesha, kwa kuwa watengenezaji wa konsoli hufunga zana zao kwa mikataba ya usiri isiyoweza kukaa pamoja na msimbo ulio wazi kwa kila mtu. Mara nyingi hulazimu kupitia kampuni nyingine inayotoa huduma hiyo kwa malipo, na hapo mnakutana tena na mkataba wa mtu.

Ningekuwa nanyi, ningelifunga toleo la injini mlilonalo, ningehifadhi hata faili ya kulisakinisha, na ningemaliza gemu hii humo humo kama masharti ya zamani yanawalinda. Wakati huohuo ningeanza kuyatoa mazungumzo na kanuni za mafumbo kutoka ndani ya injini na kuyaweka kwenye faili za maandishi ya kawaida. Kazi hiyo itawafaa hata msipohama.

Mwisho, ada na masharti ni nusu tu ya hatari. Zana inaweza pia kufa. Adobe iliacha kuihudumia Flash, zana iliyotumika kutengeneza na kuchezesha gemu ndani ya vivinjari, tarehe 31 Desemba 2020, na tarehe 12 Januari 2021 kichezeshi chake kikaanza kuzuia kazi zisifunguke. Gemu nyingi za vivinjari, nyingine zikiwa za watu waliojifunza fani hii wakiwa shuleni, zilinyamaza kwa mpigo mmoja. Zaidi ya 100,000 zimehifadhiwa na watu wa kujitolea katika mradi wa Flashpoint, na nyingine zinafunguka tena kupitia Ruffle, ambayo ni programu huria. Nalitaja hili kwa uchungu, kwani waliotunga gemu zile hawakuvunja sharti lolote wala hawakudaiwa ada yoyote.

Mtunzi_wa_Ngano

Nawashukuru sana. Tumeyapata masharti ya zamani, na mwandishi wetu wa msimbo amekubali kwamba hakuna haja ya kuhama wiki hii. Jibu la Fundi limenizindulia swali jingine. Ndani ya gemu yetu kuna vitu ambavyo hatukuvitengeneza wenyewe: nyimbo mbili tulizonunua leseni yake, sauti za mazingira kutoka duka la mtandaoni la injini hiyohiyo, na michoro ya awali ya mandhari ambayo mchoraji aliijaribu kwa programu ya akili mnemba kabla ya kuichora upya. Je, navyo viko salama?

Jibu kutoka kwa Mpiga_Kinanda

Mimi hutunga muziki wa gemu, kwa hiyo nimekaa upande wa pili wa mikataba hii, na ningependa kila mtengenezaji aichukue kwa uzito uleule anaoupa mkataba wa injini.

Kuhusu nyimbo, tazama kama leseni ina mwisho. Gemu ya Alan Wake iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni Mei 2017 kwa sababu leseni za baadhi ya nyimbo zake zilikuwa zinamalizika, na ilirudi Oktoba 2018 baada ya haki hizo kupatikana upya. Ile ilikuwa gemu yenye mchapishaji mkubwa nyuma yake. Nyinyi mkikumbwa na jambo hilo hamtakuwa na wa kuwapigania. Ombeni leseni isiyo na ukomo wa muda, inayotaja majukwaa yote mnayokusudia, na inayotamka kama trela na video za wachezaji zinahusika. Mtunzi wa muziki mwaminifu hatakasirika kuulizwa hayo, maana naye anapenda kujua wimbo wake utasikika wapi.

Kuhusu vitu vya dukani, isomeni leseni ya kila kimoja. Baadhi ya maduka ya injini huuza vitu ambavyo vinaruhusiwa kutumika kwenye injini yoyote, na mengine huweka vikwazo. Mkija kuhama, huenda sauti zile zikawa ndizo zinazowafunga, na hakuna jambo linaloudhi kama kugundua hilo siku ya kuhama.

Kuhusu akili mnemba, kama michoro yote ilichorwa upya kwa mkono wa mchoraji, mna msingi mzuri. Mkibakiza hata kimoja kilichotoka kwenye programu, kumbukeni mambo mawili. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani inashikilia kwamba kazi iliyozalishwa na mashine bila ubunifu wa binadamu hailindwi na hakimiliki, kwa hiyo mnaweza kujikuta hamna haki ya kumzuia mtu aliyeichukua. Na tangu Januari 2024 Steam, duka la mtandaoni la gemu, inawataka wasanidi watamke matumizi ya akili mnemba katika gemu wanazowasilisha. Ukweli huo ni wa kumweleza mchezaji wazi. Someni vilevile masharti ya programu ile mwone kama iliruhusiwa kujifunza kutokana na michoro mliyoipakia, kwani mchoraji wenu ndiye atakayebeba hasara hiyo.

Nina swali kwenu, ndugu Mtunzi, na naomba msilichukulie vibaya. Je, nyinyi wenyewe mna mkataba kati yenu? Hadithi ni yako, michoro ni ya mwenzako, msimbo ni wa mwingine. Mmoja akiondoka kesho, nani ana ruhusa ya kuendelea kuuza gemu yenye kazi ya aliyeondoka? Haki ambayo kikundi kinamdai mwenye injini inafaa kwanza iwe wazi ndani ya kikundi.

Jibu kutoka kwa Mwanabao

Naingia kutoka upande wa michezo ya mezani, kwa kuwa huko tulipata somo hili mapema kuliko wengi. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, ilikuwa na leseni ya wazi iitwayo OGL, iliyotolewa mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka 20 waandishi na wachapishaji wadogo walijenga riziki zao juu yake. Leseni ilisema ni ya kudumu. Hata hivyo haikutamka mahali popote kwamba haiwezi kubatilishwa, na iliwaruhusu watu kutumia toleo lake lolote lililoidhinishwa. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ilipovuja, ilionekana kwamba Wizards of the Coast, kampuni yenye mchezo huo, ilikusudia kusema toleo la zamani halijaidhinishwa tena. Watu waliosoma kila kifungu kwa nia njema miaka yote ile walijikuta wakitegemea pengo ambalo hawakuwahi kuliona.

Hasira ya wachezaji na wachapishaji ilikuwa kubwa, na tarehe 27 Januari 2023 kampuni iliuweka waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons Attribution 4.0, ambayo inatamka wazi kwamba haibatilishwi. Hapo ndipo wengi wetu tulipopumua. Hatukupumua kwa sababu kampuni iliomba radhi. Tulipumua kwa sababu ufunguo wa mlango ule haukuwa tena mikononi mwake.

Kwa hiyo ninatofautiana kidogo na wale wanaosema mtengenezaji achague kampuni yenye sifa njema. Kampuni hubadilisha wamiliki, wakurugenzi na madeni, na mtu mwema aliyeahidi leo huenda asiwepo wakati ahadi itakapohitajika. Kuna hata hatari isiyotokana na kosa la mwenye zana. Mwezi Agosti 2020, Epic Games, kampuni yenye injini ya Unreal Engine na gemu ya Fortnite, na Apple walipoanza kesi yao, Apple ilitaka kufunga akaunti za wasanidi za Epic, hatua ambayo ingeigusa Unreal Engine yenyewe. Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliizuia Apple isiguse akaunti zinazohusu injini hiyo, huku Fortnite ikibaki nje ya duka la Apple. Studio nyingi zisizohusika na ugomvi ule zilikuwa zinasubiri uamuzi wa mahakama ili zijue kama injini yao itaendelea kupata masasisho kwa vifaa vya Apple.

Mtunzi_wa_Ngano

Ndugu Mpiga_Kinanda, sikulichukulia vibaya. Hatuna mkataba kati yetu, na jioni hii tumekaa kuuandika. Tumekubaliana kwamba kila mmoja anabaki na hakimiliki ya kazi yake, na anakipa kikundi ruhusa isiyobatilishwa ya kuitumia ndani ya gemu hii na matoleo yake ya baadaye, hata akiondoka, kwa mgao wa mapato uliotajwa humo. Mchoraji aliomba iongezwe kwamba wahusika wake wasitumike katika gemu nyingine bila idhini yake, nasi tuliona ana haki.

Kuhusu injini, tutalifunga toleo letu na kumaliza. Mazungumzo yote nimeanza kuyahamishia kwenye faili za maandishi ya kawaida. Masharti ya zamani yanasema tunaweza kubaki na toleo hili, lakini barua pepe mpya inasema kuendelea kuitumia programu ni kukubali masharti mapya. Mambo haya mawili yanapingana, na hatujui tufuate lipi.

Jibu kutoka kwa Karani_wa_Mikataba

Msikisie. Iandikieni kampuni barua pepe fupi, mtaje namba ya toleo mnalolitumia, tarehe mliyolipakua na kifungu cha masharti ya zamani mnachokitegemea, kisha muwaulize swali moja tu: je, gemu tutakayoitoa kwa toleo hili itaongozwa na masharti hayo? Itumeni kabla ya tarehe waliyoitaja, na elezeni ndani yake kwamba mpaka mjibiwe hamjayakubali masharti mapya. Wakijibu ndiyo, lihifadhini jibu hilo pamoja na faili za gemu, kila mmoja wenu awe na nakala. Wakijibu hapana au wakinyamaza, ipelekeni barua hiyo pamoja na masharti yote mawili kwa mwanasheria wa mikataba. Mkimlipa kwa mashauriano ya saa moja atakuwa na kila anachohitaji mbele yake, na itawagharimu kidogo kuliko kuijenga upya hata sura moja ya gemu yenu. Ikiwa dirisha la kukubali masharti litajitokeza mnapofungua programu, msilibofye kwa mazoea. Lipigeni picha, kisha mfanye kazi bila mtandao kama toleo lenu linaruhusu, hadi jibu lifike.